Mfuniko wa Pipa la Maji

Kaka yangu alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachotoa sauti. Mlango wangu wa jikoni ulikuwa "umechoka", cherehani yangu "inakohoa", na muziki wa vijana wa siku hizi, wote bila kubagua, ulikuwa "umefunikwa blanketi". Alikaa kwenye kiti kile kile cha dirishani, uso ameugeuza kidogo kama mtu anayepigwa picha, akatoa hukumu. Tulimzoea. Mtu mzima akisema siku hizi hakuna anayejua kurekodi, nani atashangaa? Hata seremala husema siku hizi hakuna mbao.

Jina lake la jukwaani lilikuwa Radi, na lilimganda mpaka mama yetu mzazi akawa analitumia. Enzi hizo walikuwa vijana wanne wakipiga roki katika mji ambao watu walidhani roki ni ugonjwa. Jina la bendi yao sitalitaja kwa sababu lilikuwa refu kuliko nyimbo zao. Walifanya mazoezi kwenye gereji ya baba yake mpiga besi, milango imefungwa ili majirani wasije na mawe. Kaka alisimama mbele na gita lake. Nyuma yake, karibu kabisa, alikaa mpiga drams, kijana mkimya ambaye ukali wake wote ulikuwa mikononi, na toazi lake kubwa la shaba lilining'inia usawa wa sikio la kushoto la kaka yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka chai. Nikapeleka chai mpaka nikaolewa na huyo mpiga drams.

"Nimekupa dada," kaka alikuwa akimtania, "nirudishie basi mdundo usioyumba." Walikuwa mashemeji wanaopendana, na hilo ndilo lililofanya yaliyofuata yaume zaidi.

Radi hakuacha gita kwa ugomvi. Mhariri mmoja wa gazeti alikuwa ukumbini siku ambayo mwandishi wake alikuwa mgonjwa, akamwomba kaka aandike mwenyewe juu ya onyesho lake. Kaka akaandika, akajisema vibaya kuliko adui yake angemsema, na mji mzima ukacheka. Kalamu ikamnogea. Akaandika tena, na tena, akapewa safu ya kila Ijumaa yenye picha yake amevaa miwani ya giza, na gita likabaki ukutani likikusanya vumbi. Aligundua kuwa kalamu ina kelele kuliko amplifaya. Watu walinunua gazeti waone leo nani kachunwa ngozi. "Mwenye macho haambiwi tazama," alipenda kumalizia, "na mwenye masikio haambiwi sikiliza."

Mume wangu na wenzake hawakuvunja bendi. Walitafuta mpiga gita mwingine, wakahangaika, na hatimaye wakatoa albamu. Mimi ndiye niliyekata karatasi ya zawadi ya kufungia ile sidii, na mume wangu akampelekea shemeji yake kwa mkono wake mwenyewe, amechana nywele utadhani anakwenda kuposa.

Ijumaa ile nayakumbuka maneno yote, ila nitataja yaliyobaki midomoni mwa watu. Kaka aliandika kwamba albamu imefunikwa blanketi zito, kisha: "Kuhusu mpiga drams, ambaye ni shemeji yangu mpendwa, nadhani aliyasahau matoazi nyumbani."

Mume wangu alisoma akiwa amesimama mlangoni, hajavaa viatu. Akalikunja gazeti, akanipa.

"Ameandika vizuri," akasema, akaenda kuoga.

Mji haukuacha. Kila walipopanda jukwaani palikuwa na mtu nyuma wa kupaza sauti, "Leo umeyaleta?" Hata kinyozi wa mume wangu alimuuliza. Mpiga besi, rafiki wa tangu utoto, alimwambia kwa nia njema kabisa kwamba labda ni kweli, labda angegonga kwa nguvu kidogo. Akaanza kugonga kwa nguvu. Akavunja fimbo za drams, akasikiliza kanda za mazoezi kichwa amekishika kwa mikono miwili, akaanza kuyashuku mapigo ambayo alikuwa akiyapiga usingizini. Mpiga muziki akishaanza kuishuku mikono yake, basi. Bendi ikafa kibudu, na mume wangu akaajiriwa kuendesha gari la mikate. Hata huko kuna muuza duka aliyekuwa akimpokea kwa, "Mikate ipo, au umeisahau nyumbani?"

Drams alizigawa kwa shule moja. Toazi kubwa lilibaki, shule walikuwa na lao. Likakaa uvunguni mpaka mfuniko wa pipa langu la maji ulipooza kwa kutu. Nikalichukua, tundu la katikati nikalitia kizibo, likafaa sana. Lilikuwa na kasoro moja tu: kila ukilifunika lilitoa mlio mrefu mwembamba, unatetemeka hewani mpaka uuwekee kiganja.

Kaka alikuja Jumapili iliyofuata ile Ijumaa, kama kawaida yake. "Kazi ni kazi, shemeji," akasema. "Kazi ni kazi," mume wangu akajibu, akamsogezea sukari. Hawakulizungumza tena. Mimi nililizungumza kwa kaka, jikoni, na sitarudia niliyosema. Alinisikiliza, akasema, "Mdogo wangu, niliandika nilichosikia. Ulitaka nimwongopee?" Na kwa kweli hakuwa mwongo. Ndiyo sababu sikupata pa kumshikia.

Binti yetu wa pekee tulimwita Chiriku tangu anatambaa, kwa sababu ya kelele zake. Baba yake hakumfundisha hata pigo moja la muziki, lakini damu ni nzito kuliko maji: alipomaliza shule alikuwa na bendi yake na wenzake watatu, yeye akiimba kwa sauti inayokwaruza pale inapotaka na kulainika pale usipotarajia. Baba yake aliwapeleka mazoezini na gari la mikate, akawasubiri nje, madirisha amefunga.

Gazeti la kaka lilikuwa limeshanyauka kurasa, safu yake ikafutwa. Alipomsikia Chiriku akiimba kwenye ukumbi wa chuo alikuja kwangu mbiombio, machozi yako karibu. "Nitakuwa meneja wao," akasema. Hakuuliza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa meneja hodari. Alisoma mikataba mpaka kwenye nukta. Alikataa kumbi zenye nyaya zilizochubuka. Alihakikisha watoto wamekula kabla ya kupanda jukwaani, akabeba amplifaya mwenyewe na mgongo wake ule mbovu, na mwandishi yeyote aliyetaka kuwapuuza alikuta simu yake inaita mpaka anasalimu amri. Yeye kupigiwa simu ndiyo ilikuwa shida. Hapokei. "Mtandao mbovu," atakwambia, na kale kasimu kake ka zamani kako mfukoni mwa shati. Hakujaliwa watoto. Chiriku ndiye alikuwa mwanawe na pia nafasi yake ya pili. "Huyu akifika," alikuwa akiniambia, "na mimi nitakuwa nimefika."

Na pa kufika palikuwepo. Kwenye redio kubwa kulikuwa na mtangazaji, mama mmoja mwenye sauti nzito, ambaye Jumamosi alasiri nchi nzima ilimsikiliza. Desturi yake ilikuwa moja: akikubali bendi mpya, anapiga albamu yao yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kukata. Bendi zilizopita mikononi mwake ndizo zilizokuwa zikijaza viwanja. Kaka alimfuata, akambembeleza, akamchekesha, mpaka akapata Jumamosi. Chiriku aliposikia aliruka juu ya kitanda changu na kukivunja mguu, sikumgombeza.

Kilichobaki kilikuwa kumalizia albamu. Niliyoyasikia ya studio nimeambiwa na Chiriku mwenyewe. Ni chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na fundi mitambo ni mtu mzima, mpole, ana kitambi na uvumilivu. Alikuwa ameshazichanganya sauti zote, gita hapa, besi pale, Chiriku katikati, na bendi yote ilikuwa imefurahi. Kaka akaingia, akavuta kiti, akasikiliza wimbo wa kwanza, akakunja uso.

"Mbona mmeifunika blanketi?"

"Iko sawa, mzee," fundi akasema. "Ndivyo walivyopiga."

"Pumzi ya mtoto siisikii. Matoazi siyasikii. Pandisha zile sauti za juu."

Fundi akapandisha. "Pandisha," kaka akasema. Akapandisha tena. "Bado."

"Mzee, tukipita hapa tutawachoma watu masikio."

"Wewe unajua nimeanza kuandika juu ya muziki lini?"

Fundi alijua. Mafundi wote wa mji walijua, na kila mmoja alikuwa na aya yake aliyowahi kuandikiwa. Akapandisha. Chiriku aliniambia meno yalikuwa yanamuuma, lakini alijiuliza: kama Mjomba hasikii kasoro, mimi nani niisikie? Si ndiye mwenye masikio?

Aliileta nyumbani, nikaiweka kwenye redio yetu ya sebuleni. Mungu wangu. Kila alipotamka neno lenye "s" ilikuwa kama maji yamedondokea mafuta ya moto. Matoazi yalikuwa sindano. Paka alitoka. Chiriku alikuwa ananitazama usoni, nikatabasamu kadiri nilivyoweza. Baba yake alichukua kikombe chake, akaenda uani. Nikamfuata.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Si umwambie kaka?"

Alicheka bila furaha. "Mimi niliyesahau matoazi nyumbani, leo nikamwambie matoazi yamezidi? Atajua nalipiza kisasi."

"Ni mwanao huyu."

"Ndiyo maana. Nikianzisha vita na Radi leo, watoto watakatika vipande viwili kabla ya Jumamosi. Wewe mwambie. Wewe ni damu yake."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa mzaha, mwisho nikamwambia waziwazi: "Kaka, inachoma masikio."

"Masikio yako yamezoea cherehani," akasema, na kunipapasa kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani akiniletea peremende.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamtupia, nikaondoka. Nilisema kama tunavyosema sote, kwa hasira tu.

Jumamosi tulijaa sebuleni. Bendi nzima ilikuja, wazazi wa mpiga gita walikuja, viti vikaisha, watu wakakaa kwenye vitambaa vyangu vya sare za shule. Mtangazaji akawakaribisha wasikilizaji, akamtaja Chiriku kwa sauti yake ile nzito, na Chiriku akauficha uso begani kwangu.

Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili haukufika kiitikio. Ukakatwa.

"Wapenzi wasikilizaji," mtangazaji akasema, na ukimsikia ulijua anatafuta maneno ya heshima, "simu zinaita sana hapa studio. Wengi mnauliza kama redio zenu zimeharibika. Hapana, redio zenu ni nzima. Ndivyo kazi ilivyotufikia. Tuwaombe vijana wetu wairudie jikoni, na sisi tuendelee na muziki mwingine." Kisha ukaingia wimbo wa watu wengine, laini, wa kupendeza.

Chiriku hakulia. Alibaki ameketi na mikono juu ya magoti.

"Wana wazimu hawa?" Kaka alisimama, akaenda mpaka kwenye redio, akainamia spika sikio karibu ligusane na kitambaa chake. "Mbona ilikuwa safi? Ilikuwa safi kuliko zote! Hii waliyoweka ndiyo imefunikwa blanketi!"

Hapo ndipo simu yake ikaita. Ile ya mfukoni mwa shati, yenye mlio mwembamba kama wa kifaranga. Iliita sentimita chache chini ya kidevu chake. Sote tuliisikia. Tulisubiri aipokee. Iliita, ikanyamaza, ikaanza tena, na yeye anaendelea kuigombeza redio.

"Mjomba," Chiriku akasema polepole. "Simu yako."

"Simu gani?"

Chiriku alikwenda, akaitoa mfukoni mwake, akamwonyesha kioo kikiwakawaka. Kaka aliitazama simu, akatutazama sisi, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mume wangu. Mume wangu akayaondoa macho yake.

Nilimpeleka mimi kwa daktari wa masikio. Walimwingiza kwenye kibanda chenye mlango mzito na dirisha la kioo, wakamvisha visikizi na kumpa kitufe, wakamwambia abonyeze kila akisikia sauti. Nilikaa upande wa daktari. Mwanzoni kaka alibonyeza vizuri. Baadaye akaacha. Daktari anazungusha swichi ya mtambo wake, na kaka yupo pale nyuma ya kioo, kidole juu ya kitufe, macho ameyafumba kwa kusikiliza, uso una juhudi kama mwanafunzi kwenye mtihani, na wala habonyezi. Niliumia. Ile "sikio la kufa" yangu ikanirudia, nikatamani ningekuwa nimeuma ulimi.

Daktari alitandika karatasi mezani. Mstari ulitembea sawa, kisha ukaporomoka.

"Sauti nene anazisikia vizuri," akasema. "Nyembamba hazipo. Ndege, simu, herufi kama s, vyombo vya shaba. Na sikio la kushoto limeumia zaidi. Ulikuwa unafanya kazi gani, mzee?"

"Nilipiga gita. Roki."

"Na kushoto kwako palikuwa na nini?"

Kaka akauliza swali la kwake. "Imeanza lini?"

"Hii si ya jana. Hii imeanza ukiwa kijana, ikawa inakula taratibu."

"Lakini muziki nimeusikia miaka yote. Niliishi kwa kuusikia."

"Nyimbo ulizozijua tangu zamani kichwa chako kinakujazia," daktari akasema. "Kinazikumbuka. Mpya ndizo zinazokuja na mapengo."

Tulikaa kwenye benchi la korido. Wagonjwa wanapita, manesi wanapita. Kaka alikuwa ameikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama pipi.

"Zile zote nilizoandika zimefunikwa blanketi," akasema. "Kumbe blanketi lilikuwa langu."

Akaigeuza karatasi kiganjani.

"Na ya shemeji?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja, mikono ikanishinda nikaiweka chini ya khanga. Alilia pale pale, mwanaume mzima wa miwani ya giza, na mimi nikamwacha alie.

Bendi ilirudi studio. Fundi alikuwa ameitunza kazi ya kwanza, ile iliyowafurahisha, akawarudishia. Ilikuwa nzuri, kila mtu akasema ni nzuri. Lakini yule mama wa redio alijibu kwa adabu kwamba Jumamosi zake zimejaa, na atakapopata nafasi atawaita. Hakuita. Mpiga gita wao akachukuliwa na bendi nyingine. Chiriku anaimba kwenye kumbi ndogo mpaka leo, na watu waliomsikia Jumamosi ile bado humuuliza, kwa kicheko, kama redio zao zilipona. Alipokuja kumwambia mjomba wake, niliwasikia kutoka chumba cha cherehani.

"Wewe ni mjomba wangu, hilo haliondoki. Lakini umeneja naomba upumzike."

"Nimeshapumzika, mama," kaka akasema. "Wewe tu ulikuwa hujaniambia."

Jumapili moja alikuja na kifaa chake kipya sikioni, kadude kadogo ka rangi ya maziwa. Alikuwa kama mtoto aliyevishwa viatu kwa mara ya kwanza. Alishangaa gazeti linavyoparuza. Alishangaa slipa zangu. Mlango wa jikoni, akasema, haujachoka, unalalamika. Nilicheka, mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Nikaenda uani kuchota maji ya chai, nikajaza birika, nikafunika pipa.

Toazi likalia.

Nilisikia kiti kikianguka sebuleni. Kaka alikuja uani karibu anakimbia.

"Ni nini hicho?"

"Kipi?"

"Kilicholia!"

"Mfuniko wa pipa, kaka. Kila siku unalia."

"Kila siku?" Akatazama pipa. "Nikiwa nimekaa pale?"

"Ukiwa umekaa pale."

Alilishika toazi kwa ncha za vidole, akalinyanyua, akaligeuza. Maji yalikuwa yameliachia doa la kijani, lakini upande wa juu bado ulikuwa na alama za fimbo, vijikwaruzo vingi vikizunguka. Akaliachia tena juu ya pipa. Likalia. Akasimama pale mpaka mlio ukaisha wote, kisha akaniomba, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, nimpigie ile albamu ya shemeji yake.

Nilikuwa nayo. Niliitoa chini ya vitambaa vya sare. Kaka alikaa chini sakafuni mbele ya spika, miguu ameikunja. Na matoazi yakaja. Sikuwa nimeisikiliza kwa miaka mingi, nilikuwa nimesahau jinsi mume wangu alivyokuwa anayapiga: si kwa fujo, yanaingia kama mtu anayefungua pazia, kila kiitikio kinapata mwanga. Yalikuwepo tangu wimbo wa kwanza. Yalikuwepo kila mahali. Kaka aliziba uso kwa viganja, kisha akakumbuka kifaa na kuvitoa haraka ili asikose kitu.

Mume wangu aliingia na mkate chini ya kwapa. Akasimama mlangoni, pale pale aliposimama ile Ijumaa. Alimtazama shemeji yake, akaitazama redio.

"Shemeji," kaka akasema, hakugeuka. "Yapo."

"Yapo."

"Nilikusema hukuyapiga."

"Nilikuwa napiga," mume wangu akasema. Hakupaza sauti. "Wakati wote nilikuwa napiga. Wewe unasema sivyo, mji unasema sivyo, mpaka nami nikaamini nilikuwa sipigi."

"Nitaandika. Gazeti lolote litakalonipokea, nitaandika kila kitu, masikio yangu, yote. Nitakusafisha."

"Nani atasoma, Radi?" Mume wangu aliweka mkate mezani. "Mpiga besi tulimzika. Waliokuwa wanapiga kelele ukumbini sasa ni akina babu. Ukiandika, mtu ataniuliza, kumbe ulikuwa mwanamuziki?"

"Basi niambie nifanye nini."

Mume wangu alifikiri kweli, niliona anafikiri. "Sijui," akasema. "Ningejua ningekwambia."

Nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda uani, nikalitoa lile toazi, nikalifuta kwa khanga yangu na kuja kumpa mume wangu mikononi. Nilimwambia pipa nitalitafutia mfuniko mwingine, hata sinia. Alilipokea. Akalipima uzito wake, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wote mpaka aliporudi alipoanzia. Kaka alisimama. Alikuwa amegeuza kichwa, sikio lenye kifaa mbele, anangoja, na uso wake ulikuwa unamwomba shemeji yake pigo moja, moja tu.

"Maji yataingia vumbi," mume wangu akasema.

Akatoka nalo uani. Tulimfuata mpaka mlangoni. Akaliinamisha juu ya pipa, akaanza kuliweka upande mmoja, kisha mwingine, taratibu, viganja vyote viwili vimelikumbatia ukingoni ili lisitoe sauti, kama unavyomlaza mtoto uliyepata shida kumbembeleza. Kaka yangu akainama kidogo, akashika kifaa chake, akasikiliza kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na cha kusikia.